Ndoo ya Bati

Kimara Mavurunza, maji hayajatoka siku ya kumi na moja.
Mama mkwe wangu, Aikande, alinifundisha:
usiku acha koki wazi,
tega ndoo ya bati chini yake, tupu.
Si ya plastiki. Plastiki haina sauti.
"Bati litakuita. Wewe lala na sikio moja."

Jumapili ya kwanza ya Majilio
madhabahu ilivaa zambarau.
Kwenye shada la matawi ya mvinje
wakawasha mshumaa mmoja, feni ikauzima.
Wakauwasha, feni ikauzima,
mpaka mzee wa kanisa akainuka, akazima feni zote,
tukabaki na joto letu, jasho mgongoni,
na ule mwali, umesimama.

Kesheni, alisema mchungaji, maana saa hamuijui.
Nikacheka kimoyomoyo.
Hata ratiba ya maji iliyobandikwa ofisi ya mtaa
saa haiijui.

Wiki ya pili majirani walifunga mabegi,
wanapanda Machame, mbege imeshachachuka kule.
Sisi mwaka huu hatupandi.
Elinami anasema ni nauli.
Ni nauli, ndiyo.
Lakini kule juu, kila Krismasi, shangazi zake
hunitazama tumbo kabla ya uso,
na huu ni mwaka wa sita.

Aikande hajawahi kuniuliza.
Hata siku ile niliporudi Muhimbili
na karatasi nimeikunja mara nne,
alinipa uji, akaniambia bati limeingia kutu,
tukalisugua kwa mchanga, wawili,
mpaka vidole vikawaka.

Nimeambiwa nyingi juu ya kungoja.
Kwamba ni kuvumilia. Kwamba mvumilivu hula mbivu.
Mimi nimeona mbivu zikioza zikingoja mvumilivu.
Ila hili nimeliwaza, nikiwa macho, saa za mbu:
hakuna mtu anayetega ndoo chini ya ukuta.
Tunatega chini ya bomba
kwa sababu liliwahi kutoa.
Yule tunayemngoja alishakuja.
Alishalia usiku, alishanyonya,
alishalowesha nepi za mtu aliyechoka.
Ndiyo maana namtegea.
Ningekuwa sijawahi kumwonja,
ningefunga koki nilale.

Wiki ya tatu hakuna cha kusimulia.
Joto. Dumu la maji ya kununua, mia tano,
yana chumvi, chai ikakataa.

Wiki ya nne, usiku wa Alhamisi, saa nane,
bomba lilikohoa.
Kwanza upepo, kama mtu anayetafuta neno.
Kisha mluzi.
Kisha kimya kirefu, nikadhani limetania.
Kisha tone moja juu ya bati.
Ting.

Nilipofika uani Aikande alishafika,
kanga begani, madumu yamepangwa kama wanakwaya.
Maji yalikuja mekundu, yakaja na mchanga,
yakaja.
Nikagonga ukuta kwa Mama Shamte,
"Yametoka! Yametoka!"
akatoka na ndoo tatu na mjukuu mwenye usingizi,
"Alhamdulillahi," huku amevaa ndala mbili tofauti.
Elinami alibeba pipa la ndani peke yake,
akateleza, akaanguka, akacheka.
Sijamsikia akicheka hivyo tangu masika.

Dakika ishirini na tano.
Bomba likarudia upepo wake, likanyamaza.

Nikadhani tumemaliza.
Aikande akamimina bati lote kwenye pipa,
mpaka tone la mwisho,
akalirudisha chini ya bomba, tupu.
Koki akaiacha wazi.

Nilitaka kumuuliza jambo, midomo ikawa mizito.
Akanipa kikombe. Maji bado yana ladha ya chuma.
"Kunywa," akasema, "kesho Mungu anajua."

Nikalala kwa ubavu wa kushoto,
sikio la kulia juu.