Mtungi wa Miza

Nungwi hewa inauzwa. Usicheke.
Juu ya ardhi Mola katupa bure,
lakini kazi yangu ni kufuata vilivyozama:
nanga, simu, meno ya bandia ya mgeni mmoja,
na safari hii mashine ya boti, farasi arobaini,
iliyochomoka mbele ya mnara wa taa
ikalala mchangani, mita kumi na nne.

Duka la kwanza lina feni na kioo.
Ukutani wameandika karibu kwa lugha saba,
yangu ya saba, chini, jirani na ndoo ya deki.
Kijana wa kaunta akataka kadi, nikampa;
akataka amana, nikampa; kitambulisho cha ukaazi
akakigeuza kama anayetafuta bei yake.
Mara akaingia Mtaliano, kijana akaota meno,
hata magego nikayaona.
Nikangoja. Nikasoma bango la samaki wote wa Mnemba,
nikafika kwa kasa, nikaanza upya.

Nililipia baa mia mbili.
Geji ikasema mia na thelathini.
"Ikipigwa na jua itapanda," akaniambia,
na mimi, mwenye boti hakomi kupiga simu, nikabeba.

Baa ni neno lenye maana mbili.
Ya pili niliikuta chini,
kamba nishaizungusha mara moja kwenye mashine,
nikavuta pumzi, pumzi ikawa nzito
kama kufyonza kokwa lililokwisha embe.
Nikapanda polepole, kwa adabu, nikihesabu.
Mashine nikawaachia kaa.

Nikarudi na mtungi na hasira.
"Umevuta kwa pupa," kijana akasema.
Wallahi nimeitwa mlafi wa pilau, mlafi wa maneno;
mlafi wa hewa, ndiyo siku ya kwanza.
Amana akaikata, kwa sababu ya mchanga.
Mchanga! Kana kwamba nilikwenda kuzamia darini.

Ndipo nikaelekezwa kwa Miza Vuai,
nyuma ya banda la barafu, pasipo na bango.
Hakusema karibu. Alisema, "Mita ngapi? Na nani?"
Peke yangu, nikasema.
"Peke yako nenda chooni."
Akafungua vali kidogo juu ya leso nyeupe,
hewa ikafoka, akainusa leso, akanipa.
Sikusikia kitu. Akanipa tena.
Kwa mbali, kama lori lililopita juzi: dizeli.

Bibi yangu akiufukiza mtungi wa maji kwa ubani,
ukinywa, sikukuu inashuka kooni.
"Huu si mtungi wa bibi yako," Miza akasema.
"Huu ukinukia chochote, ni karafuu maiti.
Chujio limechoka. Njoo kesho."
Nikamwambia mwenye boti anasubiri.
"Na asubiri. Mashine haina pa kwenda."
Nikamtukana. Kimoyomoyo, lakini kwa kirefu.

Kesho yake: mia mbili na tano, sindano imetulia.
Akanipa mpwa wake Shaali tuzame wawili,
kijana kimya kama sanduku,
na ndani ya daftari, kwa wino wa kijani, akaandika:
Mcha Ussi. Katoka saa tatu. Kurudi saa nne kasorobo.
Nilidhani ni hesabu za kodi.

Mashine ilipanda, pweza ndani yake, mpangaji mpya.
Kamba ilitutatiza, tukachelewa, si sana.
Tulipoibuka nikamwona ufukweni:
buibui kalifunga kiunoni, mtungi mgongoni,
pezi moja mguuni, la pili mkononi,
anarukaruka kwa mguu mmoja, halivaliki.

Alipotuona aliketi pale pale majini.
Hakutupungia.
Nilipofika akasoma geji, akaandika Karudi,
akalipigia mstari,
kisha akataka elfu tano za ziada.
"Za nini? Mbona hewa imebaki?"
"Si za hewa yako," akasema, akilivua lile pezi.
"Ni za dakika kumi na saba
nilizokuwa sivuti mimi."

Nikalipa. Risiti sikudai.