Takriban

Dukani kwangu Moshi, nyuma ya stendi,
nabana tasnifu kwa gundi na uzi.
Leo zimekuja tatu, zote jalada la buluu.

Ya Elinami inapima nyota inayofifia;
mbingu za Kibosho zilifunga mawingu, kaandika,
mara kumi na moja tu ndiyo aliiona.
Ya Ndekirwa ni bei ya kahawa mnadani:
nani alikula chenji, hapo kazungukazunguka.
Ya Daktari Aikande, matumbo yaliyoshonwa,
wagonjwa arobaini, nyuzi aina mbili.

Mimi si msomi. Nanyoosha kurasa, nahesabu.
Ila nimeona zote tatu zina alama ileile,
ya kujumlisha imeikalia ya kutoa,
nikamuuliza kijana wa fotokopi. Akasema:
"Maana yake, takriban."

Jedwali la nne, mgonjwa wa kumi na saba:
mwanamke, Uru, miaka sitini na mmoja,
mshono uliachia siku ya tano.

Mama alikuwa na sitini na mitatu.
Alipenda kujipunguzia.

Nimetoboa, nimepitisha uzi mara mbili,
nimekaza.
Gundi ikauke hadi asubuhi.