Risiti ya Punda

Barua ilipofika,
Siyu tulikusanyika
kwa Bi Zena, kaishika:
ombi limekubaliwa.

Zena husuka mikeka.
Chama tulipokiweka,
saba tu, waume wakacheka:
"Pesa zenu zitaliwa."

Tuliomba, kwa makini,
choo safi kwa wageni,
na vibao vya njiani,
magofu kutembelewa,

na vijana sita wetu
wajuao kila kitu
cha kale, kuta na watu,
vyeti wapate kupewa.

Fomu, nene kama nini,
niliijaza jikoni,
kalamu i sikioni,
mofa zikiangaliwa.

"Mtapima kwa kipimo
gani badiliko humo?"
Nikaufumba mdomo,
sikuwa nimeelewa.

Kwangu kipimo ni pishi
na kijiko cha mapishi,
haya mengine ubishi,
ndivyo nilivyolelewa.

Mwanangu Lali kanena:
"Weka namba, mama; tena
iwe kubwa, ya maana,
ya wageni kupokewa."

Nikatia mia tatu
kwa mwaka; na huku kwetu
mgeni ni kama jitu,
pembeni huchunguliwa.

Ikaja fedha, ya fungu
la kwanza. Na ole wangu,
mweka hazina mwenzangu
risiti akatakiwa.

Risiti ya msumari,
ya simiti na safari;
Bi Zena kafanya ari,
bahashani zikatiwa.

Ila ya punda hakuna,
mawe kabeba mchana;
na Famau, wake bwana,
kusoma hakujaliwa.

Akatia dole gumba
kwa hina, si wino, kwamba
safari saba za mwamba
kwa haki zimelipiwa.

Mkaguzi wa Mombasa
akakaza uso hasa,
lile dole kapapasa,
kicheko kikazuiwa.

"Andikeni: usafiri
wa kienyeji," kakiri.
Nasi tukaona heri,
punda ametambuliwa.

Famau sasa hutamba
mitaani, kwa majumba:
"Punda wangu ana namba,
faili kafunguliwa!"

Vijana, somo la kwanza
ni mgeni kumtunza;
la pili, kutokuanza
hadithi zisojuliwa.

Mwaka jana, huyo Lali,
kaburi la ami Ali
kaliita la liwali,
sarafu akatupiwa.

Choo kikaja kung'ara,
vigae, bomba imara,
na kibao cha ishara:
"Wageni" kikatiliwa.

Miezi mitatu ndani,
wageni tisa, jamani;
mmoja, wa Uyunani,
msalani kachelewa.

Asubuhi siku moja
msichana akangoja
mlangoni, hana hoja,
ataka kufunguliwa.

Cha shule kimetitia:
muhula wavumilia,
wengine hujikalia
nyumbani kama wafiwa.

Bi Zena katupa jicho
kwenye kibao kilicho
juu; kaingia kicho
mkataba kuvunjiwa.

Kisha kasema, "Mgeni
ni nani humu muini?
Kila aliye njiani
haki yake kupokewa."

Ripoti ninaandika:
wageni tisa, hakika,
na wasichana wafika
sitini, wahesabiwa.

Jedwali halina pao,
safu wala jina lao;
kando, kwa mkono, hao
pambizoni wakatiwa:

Raya, Thureya, Mwanesha,
Batuli anayetisha
kwa hisabu, akabisha
mwalimu akalemewa.

Fungu la pili, sijui
litakuja? Halitui?
Bi Zena hajisumbui
kwa neno la kungojewa.

Ufunguo wa chooni
kauweka barazani,
kwenye msumari, chini,
na watoto kufikiwa.

Na msumari wenyewe,
risiti yake, ujuwe,
ninayo; taka, upewe:
shilingi kumi, ni sawa.