Maelezo ya Lindo, Usiku wa Jumanne

Afande, sikulala.
Andika hilo kwanza.
Saa saba usiku nilikuwa macho, hapo hapo Upanga,
geti nimelifunga, firimbi shingoni,
rungu mapajani,
na ukurasa wa mia na tisini na moja mkononi.

Muuza chipsi kafa ndani ya jokofu lake mwenyewe.
Watuhumiwa wanne. Mimi, kichwani,
mjane nilishamtia pingu tangu sura ya pili.
Nageuza: jalada.
Ukurasa wa mwisho umechanwa,
tena kwa rula.

Ungekuwa wewe?

Nikampigia Shaweji wa vitabu vya mitumba, Mtaa wa Kongo.
Alinitukana, kisha akakiri:
karatasi zilizolegea humpa mpwa wake
afungie karanga, pale Fire.
Nikafuata maganda.

Nilinunua pakiti kumi na tisa.
Nilizila zote, ushahidi haumwagwi.
Ya ishirini ndiyo yenyewe,
ila mafuta yalishakula majina,
yakasaza maneno matatu:
kumbe ni mlinzi.

Afande, nilirudi mbio, tumbo likinguruma kama jenereta.
Ukuta nimeukuta.
Kufuli nimelikuta, chini, bado limefungwa vizuri,
ufunguo wake huu hapa mfukoni mwangu.
Geti ndilo sikulikuta.

Kuhusu geti sina ninayemshuku.
Naambatanisha ile karatasi ya karanga
kama kielelezo cha nilikokuwa.
Tafadhali, usiisome vibaya.

Ni mimi,
Kondo Mwinjuma, zamu ya usiku.