Mpira wa Mpini

Alama ilikuwa ndogo, duara kamili,
kama kizibo cha chupa kilichogandamizwa juu ya kitovu.
Sietse alicheka. Akala mkate na jibini, akalala.

Kesho yake akatapika kijani,
akajikunja kama jongoo aliyeguswa.

Huko Groningen, Daktari Hylkema hakuuliza kaangukaje;
aliuliza ncha ya usukani ilimpiga wapi.
Akachukua damu. Baada ya saa sita akachukua tena:
namba zimepanda.
Akanionyesha picha: kongosho limelalia uti wa mgongo,
na lilipobanwa hapo katikati, likachanika.
"Mfereji wake ni mzima," alisema. "Hatumpasui. Tunangoja."

Kungoja nako ni kazi:
dripu, mrija puani,
tumbo lisionje hata kijiko cha uji,
maana kongosho likishanusa chakula
hutoa maji makali, likajila lenyewe.

Siku ya kumi na moja aliomba chumvi.
Chumvi tu, ya kulamba.

Nami mfukoni nina mpira wa mpini,
wa senti themanini,
niliomwahidi tangu Aprili:
Jumamosi, mwanangu.
Jumamosi nitauvisha.