Upande wa Mtoni

Kazi yangu ni firimbi.
Nikipuliza mara moja: mama, toka kwenye nyasi.
Mara mbili: vijana, achaneni, hapa si chumbani.
Mwaka wa saba huu nailinda bustani ya ukingo wa Guayas,
na sijawahi kuiona imepumzika.

Leo Guayaquil yajikwatua. Wageni wa meya wanakuja
kuutazama mji ukijitazama:
mnara wa vioo uliosokotwa kama kitambaa kilichokamuliwa,
gurudumu kubwa lizungushalo watu bila kuwafikisha popote,
na kilimani nyumba, njano, samawati, waridi,
zimepangwa kama miche ya sabuni dukani.

Kizuri chajiuza, nasikia. Basi mbona
tangu alfajiri mashua ya manispaa inazoa magugu-maji,
na maji yakijaa yanayarudisha palepale,
yangeyange amesimama juu yake
kama mgeni rasmi?
Mto huu huenda na kurudi. Haukupewa ratiba.

Nelly Tomalá anasugua vyuma vya ukingo.
Nyumba yake ni ile ya waridi, ya nne chini ya mnara wa taa.
Walikuja na ndoo, wakamwambia achague rangi moja kati ya tatu,
wakapaka ukuta unaotazama mto,
wakakunja ngazi, wakaondoka.
Nyuma ni saruji tupu, na jina la mumewe
alilolichora kwa msumari saruji ikiwa mbichi:
Eleuterio, na herufi ya mwisho imebanwa, nafasi ilimwishia.
"Afadhali," asema Nelly, akipumulia chuma na kukifuta.
"Wangepaka na huko, ningemsoma wapi?"

Saa kumi na mbili wageni wakafika.
Mmoja, mnene, tai imelegea,
akavua viatu akajilaza nyasini, chali, mikono kichwani.
Firimbi ilikuwa tayari mdomoni.
Msimamizi akanitikisia kichwa.
Nikaimeza pumzi yangu.

Usiku wa manane nafunga lango.
Taa za maonyesho zinazimwa kwa swichi moja,
mnara unakwenda, gurudumu linakwenda,
kilima chote kinakwenda na rangi zake.
Nasubiri kidogo. Macho yakizoea giza,
mwanga mwembamba wa manjano unavuja juu ya mapaa,
kutoka nyuma, kwenye majiko,
upande ambao hakuna aliyeulipia.

Kuna mtu anakaanga ndizi. Harufu imeshuka hadi hapa.

Navua viatu. Nyasi zina maji.
Hakuna wa kunipulizia.