Nusu Saa ya Maji

Hapa nusu saa ya maji huitwa athari.
Kwa Kiarabu ni alama, unyayo uliobaki;
mimi, niliyelelewa kwa Kiswahili cha jikoni kwa bibi,
nasikia kile kinachofuata jambo likishatendwa.
Maana zote mbili zimo daftarini.

Daftari ni la kijani, limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Hulishika Nabhani, wakili wa falaji:
si wakili wa joho na mahakama,
huyu ana kandambili na kikokotoo kilichopasuka kioo.
Kila siku ya nane mfereji hunijia,
usiku, Kilimia kikigusa ukingo wa mlima,
nami nazibua tundu la jiwe na tambara, nahesabu.
Dakika thelathini. Mitende kumi na mmoja.
Nikichelewa kuziba, nimeziibia ndimu za jirani.

Hatukuwa na zamu hii.
Bibi Zuweina alishuka Maskati mwaka wa sabini na moja
na mbuzi ya nazi, cherehani, watoto watano.
Tulirudi na lugha. Hatukurudi na maji.
Miaka miwili walitukatia fungu la msikiti,
"mpaka mkae sawa,"
kisha siku moja, bila hotuba, jina lake likaingia
kwa wino wa zambarau, baina ya mjane mmoja na madrasa.
Ndiyo hati pekee aliyowahi kuwa nayo.
Haina muhuri. Inanyweka.

Mwaka jana, mwezi wa tende, magari meupe yakapanda
hadi kwa mama wa falaji,
kisima cha kwanza, maji yanapozaliwa gizani.
Vigingi vyekundu vikapigwa kwenye malisho:
hoteli ya mahema, bwawa la kuogelea,
visima vitatu vya mashine.
Mtu wa kampuni, mpole, alitukunjulia ramani.
Malisho yetu yalikuwa doa jeupe.
"Hapa hapana kitu," alisema.

Kwa jicho la karatasi, kweli hapana.
Pana mbuzi wa Bi Shinuna.
Pana mikunazi, huchuma yeyote aliyeshikwa na njaa,
na katazo ambalo hakuna anayekumbuka lilianza lini:
dhiraa mia tano kumzunguka mama, hachimbi mtu.

Ofisini kwa liwali, karani akauliza,
"Mwenye ardhi ni nani?"
Tukatazamana. Tulikuwa ishirini na tisa,
na fomu ina nafasi ya jina moja.
Bi Shinuna akaninong'oneza,
kwa Kiswahili chake cha darasa la nne, Unguja:
"Mwambie haina mwenyewe. Ina wenyewe."
Kuitafsiri kulinigharimu sentensi tatu.
Karani aliandika moja.

Shauri lingalipo. Vigingi vingalipo,
ila kimoja, mbuzi wamekiangusha kwa kujikuna.

Lakini nina deni la kusema jambo jingine.
Walipotaka ushahidi kwamba falaji ingali hai
tulipeleka picha: mtu ndani ya handaki,
maji kiunoni, taa kipajini, anazoa tope.
Ni Shofiqul, mtu wa Silheti. Mwaka wake wa kumi na nne.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
tukampa jembe.
Siku ya nne methali haina neno,
nasi tukanyamaza nayo.
Daftarini hayumo, hata pambizoni.

Nilimuuliza Nabhani. Akaanza: kibali, kafili, wazee watasemaje.
"Na Bibi Zuweina je?"
Akaufungua ule mpira. Akaufunga.

Jana ilikuwa zamu yangu.
Dakika saba niliziachia zipite nyuma ya banda
hadi kwenye safu mbili za pilipili na boga moja
alilolipanda kwenye udongo alioutoa mwenyewe mferejini.
Dakika saba si haki, najua.
Haki huandikwa.
Asubuhi mchanga ulikuwa na mstari wa unyevu,
mweusi, mrefu, kutoka kwangu hadi kwake.
Sikuufukia.
Nabhani alipita, daftari kwapani,
akasimama juu yake muda kidogo,
akaangalia saa.